Kuzimia Si Kufa: Funzo la Kifaa cha Kusomea

Leo naanza kwa kuungama kosa. Kwa muda wa miaka minne, kila nilipopata likizo, nilikuwa nikisafiri hadi Mji wa Kale, Mombasa, kuketi barazani na mzee mmoja mjuzi wa Kimvita. Mkononi nilikuwa na kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu, na ndani yake nilikuwa nimetia kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya mtungaji wake kufariki. Mimi nilisoma neno. Mzee alilikubali, akalikosoa au akalicheka. Maelezo yake niliyachapa papo hapo, pembeni mwa ukurasa, katika kifaa hicho hicho. Mzee huyo ametangulia mbele ya haki. Na miezi miwili baada ya maziko yake, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikifanya kifaa hicho kisiwake tena.

Huenda mtu akauliza: maelezo ya mzee mmoja yana thamani gani? Tulichukue neno ‘paa’. Tahajia sanifu huandika paa la nyumba na paa wa mwituni kwa herufi zile zile. Msemaji wa Kimvita hayachanganyi maneno hayo, kwa kuwa jina la mnyama hulitamka kwa mpumuo na la nyumba bila mpumuo. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Huyu wa baharini ndiye mwenye mpumuo. Mamia ya maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyatia alama kwa kumsikiliza yule mzee, wala sikuwa na nakala nyingine popote. Naam, mhadhiri mzima, mwenye shahada ya uzamifu, nilikuwa nimeiweka kazi ya miaka minne mahali pamoja tu, tena mahali pa kuingia mfukoni.

Basi nilifanya nini? Kifaa hicho kina uwezo wa kutafuta maana: msomaji huligusa neno, na maelezo ya kamusi yakatokea. Lakini utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya lugha ambazo aghalabu hubadilisha mwisho wa neno. Mwingereza akiligusa neno lenye kiambishi tamati, kifaa hukata mkia na kulipata shina. Mswahili akiligusa neno ‘hawakunitembelea’, kifaa hutafuta chini ya herufi H na kurudi mikono mitupu. Hakijui kwamba ‘ha-’, ‘wa-’, ‘ku-’ na ‘ni-’ ni viambishi awali, na kwamba kinachotafutwa ni ‘tembelea’, na nyuma yake ‘tembea’. Jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa shule ya upili hulieleza ubaoni, kifaa cha maelfu ya shilingi hakilijui.

Nilikusudia kukifunza. Nilikuwa nimetunga programu fupi ya kuvua viambishi, pamoja na orodha ya maneno niliyoikusanya mwenyewe. Ili kuitia ndani, ilinibidi niuguse mfumo wenyewe wa kifaa, mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia mnunuzi afike. Nikaifanya kazi hiyo usiku, kwa pupa, betri ikiwa imebaki chini ya robo. Programu ikiwa imeandikwa nusu tu, betri ikaisha.

Asubuhi kioo kilinionyesha ukurasa ule ule wa jana usiku, kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo penye hadaa. Kioo cha vifaa hivi hutumia wino wa kielektroniki, ufundi ulioanzishiwa kampuni yake huko Marekani mwaka 1997. Ndani ya kioo mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme huzisukuma chembe hizo zikachora herufi. Zikisha kutulia, hubaki pale pale bila kuhitaji umeme tena. Kwa hivyo kifaa kilichozimika huweza kukukodolea macho kwa miezi. Nilikichaji, nikabonyeza kila kitufe, ukurasa haukufunguka.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikitazama kwa dakika moja. “Mwalimu,” akaniambia, “hiki kimekufa. Nunua kingine.” Waingereza nao wana jina lao kwa hali hiyo: husema kifaa kimekuwa tofali. Mimi ni mtu wa isimu, na sina budi kusema kwamba majina yote mawili ni ya kupotosha. Mfu hafufuki kwa fundi, na tofali halisomeki hata likichajiwa mwaka mzima. Mtu akikubali jina hilo, amekwisha kuikubali na hukumu iliyo ndani yake, naye atakitupa kifaa jaani. Kilichotokea kwa kweli ni kwamba betri ilikuwa nzima, kioo kizima na kumbukumbu nzima. Kilichoharibika ni faili moja. Kila kifaa kilipojaribu kuamka, kililifikia faili lile lililokatika, kikakwama, kikaanza upya. Huko si kufa. Huko ni kuzimia, na aliyezimia hazikwi.

Nilimpata fundi wa pili katika kibanda kimoja cha Luthuli Avenue, Nairobi, kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Kabla ya kukigusa kifaa aliniuliza swali ambalo yule wa kwanza hakuliuliza: “Mwalimu, kuna nini humu ndani ambacho huwezi kukipata kwingine?” Nilipomweleza habari za yule mzee, alivuta kiti akaketi.

Akanieleza kwamba kifaa changu kina njia ya kujirudisha katika hali ya kiwandani. Ndani yake mmehifadhiwa nakala safi ya mfumo, na kwa kubonyeza vitufe fulani kwa pamoja nakala hiyo huandikwa upya juu ya ule ulioharibika. Kwa watu wengi hiyo ndiyo dawa, na ni dawa ya dakika chache. Lakini dawa hiyo husafisha pia sehemu ya msomaji: vitabu, alama na maelezo yote ya pembeni. Laiti ningebonyeza vitufe hivyo kwa bahati nyumbani, kifaa kingeamka kikiwa kipya kabisa, na yule mzee angekuwa amekufa mara ya pili.

Badala yake, kijana alikiacha kwanza kichajiwe kwa saa kadhaa, kisha akakibana kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, kwa maana kifaa kilichoganda mara nyingine huamshwa na hilo peke yake. Hakikuamka. Akakifungua mgongo kwa kipande chembamba cha plastiki. Ndani, juu ya ubao wa saketi, palikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya aina ile ile itiwayo katika simu. Aliichomoa akaichomeka katika tarakilishi yake, na kadi ikajidhihirisha kuwa na sehemu tatu: moja ya mfumo, moja ya ile nakala ya akiba, na moja ya vitabu vyangu.

Hapa pana jambo la kutahadharisha. Tarakilishi ya kawaida, kama ile ya ofisini mwangu, haiwezi kuzisoma sehemu zile za mfumo, kwa hivyo humuuliza mwenyewe kama angependa kadi iandaliwe upya ili itumike. Swali hilo huulizwa kwa adabu nyingi, lakini anayejibu ‘ndiyo’ ameanza kufuta alichokuja kukiokoa. Kijana alitumia tarakilishi yenye mfumo wa Linux, ambao pia ndio unaoendesha kifaa changu, na kabla ya kurekebisha chochote alinakili kadi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala hiyo akaiandika katika kadi mpya. Katika kadi mpya ndimo alimoliondoa faili langu lililokatika. Ile ya asili aliifunga katika karatasi akanikabidhi. “Hii usiiguse,” akasema. Kadi mpya ilipotiwa ndani, kioo kilimeta cheusi, kikameta cheupe, kisha ukurasa wa Krapf ukajitokeza, na maneno ya mzee pembeni mwake. Sioni haya kusema kwamba nilitoa leso.

Kuna watakaosema kwamba yote hayo niliyataka mwenyewe. Mtoto akililia wembe, mpe. Watasema kwamba watengenezaji hufunga mifumo yao ili kutulinda sisi tusiojua, na kwamba kama ningekiacha kifaa kama kilivyouzwa, yasingenifika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami nimekwisha kuungama upumbavu wa kufanya kazi kama ile bila nakala na bila umeme wa kutosha. Lakini ushauri wa kuviacha vifaa kama vilivyo ni mwepisi kwa yule ambaye lugha yake ilifikiriwa vilipokuwa vikiundwa. Sisi ambao lugha zetu hazikufikiriwa tuna njia mbili: kungoja tukumbukwe, au kurekebisha wenyewe. Tumengoja vya kutosha.

Isitoshe, kufuli hizo hazimlindi mnunuzi daima. Mwezi Julai mwaka 2009, kampuni ya Amazon ilivifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Kimoja kilikuwa riwaya ya 1984, na mwanafunzi mmoja wa Marekani alishtaki akilalamika kwamba maelezo aliyoandika kwa ajili ya masomo yake yameharibiwa. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Radhi ni jambo la kiungwana, lakini kisa chenyewe kilikwisha kuonyesha kwamba ufunguo wa kabati tulilolinunua sisi ulikuwa mikononi mwa mwingine.

Sheria nazo zinasuasua. Marekani, mwaka 2015, iliwaruhusu wenye simu na tarakilishi bapa kuvifungua vifaa vyao ili watumie programu wazitakazo. Lakini ruhusa hiyo iliandikwa kwa vifaa vya matumizi mengi tu, na kifaa kilichoundwa hasa kwa ajili ya kusomea vitabu kikaachwa nje. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kurekebishiwa bidhaa, zikiwemo simu. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga zilizowekwa kuhifadhi kazi za waandishi, na mimi, niliye mwandishi, naiunga mkono. Lakini kuiba kitabu ni jambo moja, na kutia kamusi ya Kiswahili katika kifaa ulichokinunua kwa jasho lako ni jambo jingine kabisa. Msomi anayeyachanganya hayo mawili huyachanganya kwa makusudi.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwa watengenezaji: waache mlango wa uokozi. Kadi ile ya kuchomoka ndiyo iliyoniokoa, lakini katika vifaa vingi vya siku hizi kumbukumbu imelehemiwa ubaoni, na fundi hulazimika kuitafuta kwa nyaya nyembamba kama unywele, ikiwa mtengenezaji hakuizuia hata njia hiyo. Mfumo wa uokozi unaorudisha programu bila kufuta maandishi ya mwenyewe si jambo lisilowezekana.

La pili ni kwa sisi walimu. Tunawafundisha wanafunzi kunukuu na kutaja marejeo, na hatuwafundishi kwamba maandishi yasiyo na nakala hayajahifadhiwa. Akiba haiozi, wasema wahenga. Na nakala ndiyo akiba ya mwandishi wa leo. Kabla ya kurekebisha mfumo wa kifaa chochote, chaji betri ijae, hakikisha kwamba programu ni ya toleo la kifaa chako hasa, na toa nje kila usichoweza kukipata tena. Kikizimia, usibonyeze kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani kabla ya kujiuliza lile swali la kijana wa Luthuli Avenue.

La tatu ni kwa jamii nzima. Tumezoea kumheshimu auzaye kipya na kumdharau arekebishaye cha zamani. Kijana yule hakuwa na shahada ukutani, lakini alikuwa na tabia ambayo vyuo vikuu hujaribu kuifundisha kwa miaka minne bila kufanikiwa sana: alichunguza kabla ya kuhukumu, na hakuigusa nakala ya asili.

Programu yangu ya kuvua viambishi sasa inafanya kazi, na ‘hawakunitembelea’ linanipeleka mahali panapostahili. Maelezo ya mzee yako katika nakala tatu, na ya nne niliichapisha kwa karatasi nikawapelekea wanawe Mombasa. Binti yake alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma kimoyomoyo, kisha akalitamka neno moja kwa sauti, kwa mpumuo ule ule wa babake.