Saruji Haikaushi Ukuta

Tangu kimbunga Kenneth kipige pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, mwenye nyumba anayekarabati kisiwani Ibo au mtaani Paquitequete, mjini Pemba, hakosi mshauri. Ushauri mwingine unamalizia kile ambacho kimbunga kilikiacha, na hauwezi kupita bila kujibiwa.

"Ukuta unalowa kwa sababu ya mvua." Ingekuwa mvua, doa lingeanzia juu, penye paa bovu, na kiangazi lingekauka. Litazame vizuri: linaanzia sakafuni, linapanda hadi kiunoni hivi, na ukingoni pana unga mweupe. Uonje, ni chumvi. Katika maeneo haya ya chini maji hayako mbali na msingi, na wakati wa bamvua huzidi kusogea juu. Jiwe la matumbawe lenye vitundu huyanyonya kama utambi. Maji yakikauka, chumvi inabaki.

"Basi piga lipu ya saruji, uyazibe." Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, tena pesa za kukopa. Saruji haiyaondoi maji, inayanyima pa kutokea. Maji hupanda juu zaidi, pengine hadi kwenye boriti, nazo zikaoza vichwa ndani ya ukuta bila mtu kuona. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa vifundo vya vidole, utasikia uwazi ndani. Mwisho lipu inabanduka vipande vipande, kila kipande kimeng'oa uso wa jiwe.

Nyumba kongwe za Ibo, pamoja na ngome ya São João Baptista ya mwaka 1791, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chokaa huacha ukuta upumue. Kwa hiyo bandua saruji, sugua chumvi kwa brashi kavu, uache ukuta ukauke kwa miezi, kisha piga lipu ya chokaa na upake chokaa, si rangi ya mafuta. Utaambiwa chokaa inachakaa. Kweli, na baada ya miaka utaipiga tena. Afadhali ichakae hiyo kuliko jiwe. Anayejenga upya kwa matofali, huyo atandike nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta.

Kisima nacho hakikosi ushauri: "Kikiwa na chumvi, chimba zaidi." Kisiwani ni kinyume chake. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya ardhi. Watafiti Badon Ghyben na Herzberg walieleza hesabu yake zaidi ya karne moja iliyopita: maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake yanashuka kama mita 40, yakisimama sentimita 10, ni mita 4 tu. Ukichimba sana unaikuta bahari, na ukivuta kwa pampu kubwa unaipandisha. Chota kidogo kidogo, kisima kipumzike, na maji ya paa yakusanywe kwenye tangi.

"Kwa kujengea, mchanga wa ufukweni hauna neno." Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata pasipo na maji chini, tena huozesha nondo. Lipia gari la mchanga wa bara.