ANGA SI MALI YA WAGENI

Wapo watu miongoni mwetu, na baadhi yao wana dhamana katika elimu, ambao wakisikia kwamba mtoto wa shule ya msingi afundishwe habari za ndege, roketi na setilaiti, hucheka. "Madawati hayatoshi," husema, "nanyi mwataka kuwapeleka watoto mwezini!" Kicheko hicho tusikipuuze. Ndani yake mna kasumba: imani kwamba elimu ya anga ni mali ya wageni, na kazi yetu sisi ni kutazama tu.

Historia yawakanusha. Tarehe 12 Desemba, 1970, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Kenya, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kabla ya hapo, kisiwani Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo kilichomfuatilia John Glenn alipoizunguka dunia mwaka 1962. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964. Wageni walijua thamani ya mahali petu. Je, mtoto wetu anaijua?

Waitaliano, waliokuwa wenye jukwaa lile, hawakuichagua Malindi kwa bahati nasibu. Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita zipatazo 40,000, nayo dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Mwanafunzi wa darasa la tano akigawanya, atapata kilomita zipatazo 1,667 kwa saa. Huo ndio mwendo ambao ardhi yenyewe huipa bure roketi ielekezwayo mashariki kutoka kwenye Ikweta, na Malindi ni jirani yake. Tena mashariki ya Malindi ni bahari tupu, hakuna kijiji cha kuangukiwa na mabaki. Hilo ni somo la hesabu, la jiografia na la sayansi kwa pamoja. Lahitaji chaki na mwalimu aliyeandaliwa.

Vifaa navyo vipo. Mtoto huunda kishada kwa njiti na karatasi. Mwalimu amwulize kwa nini kinapanda. Puto lililojazwa pumzi likiachiwa hukimbia kinyume cha hewa itokayo. Roketi hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwewe huelea bila kupiga mbawa kwa sababu hewa iliyopata joto hupanda.

Upungufu wa madawati ni kweli, na lazima uondolewe. Lakini kama upungufu huo ungekuwa sababu ya kuacha kufundisha, tungeacha hata hesabu. Mkulima asikiaye utabiri wa mvua redioni ananufaika na setilaiti. Ni haki ya mwanawe kujua habari hizo zatoka wapi.

Lipo jambo zito zaidi. Katika shule zetu za msingi za umma twafundisha kwa Kiswahili. Sekondari twafundisha kwa Kiingereza. Mtoto atakayekutana na kanuni hizi mara ya kwanza sekondari atakariri maneno ya kigeni badala ya kuelewa jambo. Aliyezielewa kwanza kwa lugha yake, kwa kishada na puto, atakuwa na msingi wa kujengea.

Jirani zetu wameanza. Mwezi Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, ambayo wahandisi Wakenya walishiriki kuiunda. Ilirushwa kwa roketi ya Wamarekani, lakini wahandisi hao walikuwa watoto wa shule za msingi kabla ya kuwa wahandisi.

Kwa hiyo watunga mitaala waipe elimu ya anga nafasi yake, vyuo vya ualimu viwaandae walimu, na mwalimu asisubiri waraka ndipo awatoe wanafunzi uwanjani kumtazama mwewe. Wanaocheka na waendelee kucheka, sisi tufundishe.