Boliti Ndogo, Dhima Kubwa



Ndugu zetu, msimu wa masika barabara za udongo zinazopita katikati ya migomba ya huku kwetu Kanazi huteleza mno. Gari la wafiwa au la maharusi likinasa, jirani hatulii nyumbani: vijana husukuma, mwenye gari jingine huleta mnyororo, na watoto husimama kando wakitazama. Wema huo ni wa kusifiwa. Hata hivyo, wiki hii tuzungumzie kitu kisichotazamwa katika wema huo: boliti zinazoshikilia ndoano ya kukokotea kwenye chasisi.

Gari la tani 2 lililozama hadi kwenye ekseli laweza kuhitaji nguvu inayolingana na uzito wake, au kuuzidi. Na likivutwa kwa kushtukiza, nguvu hiyo huongezeka sana. Boliti ikikatika, ndoano na mnyororo huruka kwa kasi kubwa, na chuma kinachoruka hakichagui dereva wala mtoto.

Kwa hiyo, tunaponunua boliti tusome kichwa chake, tusiridhike na mng'ao wake. Boliti ya vipimo vya milimita iliyotengenezwa kwa kanuni huandikwa daraja lake: 4.6, 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza huonesha nguvu ya kukatika. Ya pili huonesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo itastahimiliwa kabla boliti haijarefuka moja kwa moja. Boliti ya milimita 12 ya daraja 8.8, ikivutwa kwa urefu wake, hustahimili takribani tani 6.8 kabla ya kukatika, ya 4.6 hustahimili nusu yake tu. Ikikatwa kwa ubavu, kila moja hupoteza takribani asilimia 40 ya nguvu hiyo. Kwa macho zaweza kufanana kabisa. Kwa ndoano tusishuke chini ya 8.8, na mtengenezaji akitaja 10.9 tuifuate. Isiyo na alama yoyote tuiache dukani. Hata ile isiyoshika kutu, yenye alama A2-70, isichukue nafasi ya 8.8 kwa sababu tu inapendeza.

Nati nayo ina daraja: namba 8 kwa boliti ya 8.8, namba 10 kwa ya 10.9. Tuangalie pia meno. Magari mengi ya Kijapani hutumia meno ya karibu karibu, na boliti ya meno mapana huingia mizunguko miwili kisha hukaza. Hapo tusilazimishe kwa spana, tutafute inayolingana. Boliti iliyokwisha kurefuka au kupinda isirudishwe, na kukaza kufuate kipimo cha kitabu cha gari. Boliti imara kwenye chasisi iliyoliwa na kutu haina faida.

Tukumbushane jingine: kile kichwa cha duara cha kufungia tela hakikuundwa kwa kunasua gari matopeni. Kazi yake ni kuvuta tela kwa utulivu. Mnyororo usitundikwe hapo.

Katika kamati za misikiti tumezoea kuulizana kila shilingi imekwenda wapi, na ni haki, kwa kuwa mali ya waumini ni amana. Lakini roho za wanaopanda gari la msikiti, na za wanaosimama kando yake, ni amana kubwa zaidi. Fundi akitaja boliti ya bei ya juu kidogo, tumuulize daraja lake kabla ya kumuomba apunguze.

Na siku ya kuvuta, mzazi awaondoe watoto mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba au mnyororo, na asibaki mtu kati ya magari mawili. Tawakali yetu ije baada ya kukaza nati.

Wabillahi tawfiq.