Ile Iko Filimu Tu?

Kuna maneno mawili ambayo nimechoka kuyasikia katika mji wetu wa Kolwezi. La kwanza ninalisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa wakubwa wa masomo: «Ile iko filimu tu, acha batoto bajifurahishe.» La pili linatoka upande mwingine, mara nyingi kinywani mwa watu wa sala: «Ile iko ya shetani, zima televizyo.» Wa kwanza haoni kitu. Wa pili anaona shetani kila mahali. Ninasema waziwazi: wote wawili wanakosa, na wote wawili wanawaacha watoto wetu peke yao mbele ya picha.

Ndugu msomaji, tuanze kwetu. Kuna filimu moja inayobeba jina la mji wetu mpaka Ulaya: La Légion saute sur Kolwezi, ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na Mfaransa Raoul Coutard. Inasimulia vita ya Kolwezi. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, wale tuliowaita Wakatangais, waliingia Kolwezi; tarehe 19 Mei askari wa Legion ya Ufaransa walishuka kwa miavuli. Wachezaji wenye majina makubwa ni Bruno Cremer, Jacques Perrin, Mimsy Farmer, Giuliano Gemma. Wote ni watu wa Ulaya na Marekani. Hadisi yenyewe imejengwa hivi: Wazungu wako katika hatari, wakubwa wanabishana kama wawaokoe ao hapana, askari wanakuja.

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tano kipande cha filimu hiyo. Kijana mmoja wa nyuma, yule asiyependa kusema, akainua mkono: «Mwalimu, ile miti haiko ya kwetu.» Wenzake wakacheka. Lakini alikuwa na haki! Filimu ile haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane, koloni la zamani la Ufaransa huko Amerika ya Kusini. Mtoto ambaye hakuzaliwa wakati wa vita alisoma picha vizuri kuliko wakubwa wengi walioiangalia mara kumi, sababu alitazama miti na hakutazama bunduki tu.

Wala si filimu moja. Dark of the Sun, ya mwaka 1968, ni hadisi ya mamluki katika Kongo: ilipigwa Jamaica. The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016, inaeleza askari wa Ireland waliozungukwa Likasi mwezi wa Septemba 1961: ilipigwa Afrika Kusini. Filimu tatu juu ya nchi yetu, na nchi yetu haimo hata katika moja. Mtu atasema: ni sababu ya usalama na franga. Sawa. Lakini angalieni matokeo. Wakati mahali panaweza kubadilishwa pashipo mtu kuona tofauti, ujue watu wa mahali pale wamekwisha kuwa kama miti: wako nyuma, ili mwingine apate kuonekana mbele.

Hesabu zinazotajwa zaidi juu ya mwaka 1978 husema walikufa Wazungu 170 hivi, na Waafrika 700 hivi. Mama yangu alikuwa Manika siku zile. Anasimulia namna walivyolala sakafuni, maji yalivyokosekana, jirani walivyozikwa haraka. Sisemi kwamba filimu inadanganya juu ya Wazungu waliouawa. Waliuawa kweli, na machozi yao ni machozi. Ninasema filimu ilichagua. Coutard mwenyewe alikuwa mpiga picha wa jeshi katika vita ya Indochina. Si ajabu kamera yake kusimama upande wa askari. Ujumbe uliofichwa haukuandikwa mahali popote. Umo katika uchaguzi huu: nani anapewa jina, nani anasema, mama wa nani analia mbele ya kamera. Mtoto wa Manika akiiangalia filimu ile pashipo mwongozi, anajifunza kuogopea maisha ya mwingine na kusahau ya bibi yake.

Tena wengine watanijibu: «Mwalimu, hayo ya kuchambua ni mambo ya Wazungu, sisi tuna desturi yetu.» Hapo njo ninakasirika kabisa. Nani aliwaambia kwamba kuchambua si desturi yetu? Jioni, kando ya moto, bibi alipotuambia hadisi ya Kalulu anayemshinda tembo, alitaka tujue sungura ana masikio marefu? Mwisho wa hadisi aliuliza: «Mumesikia nini?» Si «mumeona nini». Ilitupasa kusema tembo ni nani katika kijiji, na Kalulu ni nani. Mtoto aliyejibu «tembo ni tembo» alichekwa. Kumbe siku hizi mtoto anayejibu «ile iko filimu tu» tunamsifu kuwa na akili!

Na si kijijini tu. Watu wa migodi na kambi waliendelea na elimu ile. Katika miaka ya 1970, katika nyumba nyingi za Shaba, ukutani mwa sebule kulikuwa na picha iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga fimbo, bwana wa serikali anasimama, bendera ya Wabelgiji juu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa kwetu, alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi katika miaka ya 1973 na 1974. Mgeni aliyeingia sebuleni aliona mambo ya zamani. Mwenye nyumba aliona pia mambo ya leo, lakini hakuna polisi aliyeweza kumshitaki kwa kutundika Wabelgiji ukutani.

Lubumbashi, mwaka 1986, mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza watu wa kikundi cha Mufwankolo maana ya msemo unaosema ufalme huliwa mzima. Hawakumpa jibu fupi. Walitunga mchezo mzima: kijiji, mfalme, watu wake. Mwaka ule Mobutu alikuwa amekwisha kutawala zaidi ya miaka ishirini. Kila mtazamaji alikuwa huru kucheka juu ya mfalme wa kijiji, na kuwaza juu ya mfalme anayemtaka. Watu wenye desturi kama hiyo hawapaswi kukaa mbele ya televizyo kama gunia la unga.

Sasa tuje kwa jambo linaloniuma zaidi, sababu lina damu ndani. Katika hadisi za wazee wetu nyingi, yatima, yule mwembamba anayelala pa majivu, njo anayeokoa ukoo mwishoni. Mama wa kambo mwenye roho mbaya njo anayepata haya. Angalieni sasa filimu nyingi za uchawi zinazouzwa sokoni na kuonyeshwa usiku. Mtoto yule yule, mwembamba, asiyesema, amekuwa mchawi. Baba amepoteza kazi: ni mtoto. Mama hazai: ni mtoto. Mchungaji anakuja, mtoto anakiri, muziki unapanda, kazi inarudi. Wamechukua hadisi ya bibi na kuipindua. Na ujumbe wake ni nini? Kwamba umaskini wa nyumba hauna sababu nyingine: wala mugodi uliofunga, wala mshahara usiolipwa, wala ugonjwa. Sababu ni yule mdogo asiye na mtetezi.

Halafu tunashangaa kukuta watoto wamefukuzwa nyumbani. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwazibu mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Ni sheria nzuri. Lakini sheria inafika kisha mtoto kufukuzwa. Filimu imefika mbele. Mzazi aliyezoea kuuliza «juu ya nini muandishi amempa mtoto huyu kosa?» hatamfukuza wa kwake kwa urahisi.

Publisite ni vile vile. Katika barabara zetu kuna pano kubwa za makampuni ya migodi: watoto wenye madaftari mapya, meno meupe, bomba la maji linalong'aa. Sitaji kampuni, kila mtu ameona. Ninawauliza wanafunzi: nani anasema hapa? Anataka tumshukuru kwa nini? Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaiamuru kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Basi pano inayoonyesha deni kama zawadi imekwisha kutufanya waombaji. Hakuna neno la uongo juu yake. Bomba liko, madaftari yako. Uongo uko katika uso wa mtoto aliyefundishwa kushukuru kwa haki yake.

Na huko Ulaya, publisite za magari ya umeme: barabara tupu, msitu, hewa safi, kimya. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa kwetu Lualaba. Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba mashimo hata chini ya nyumba zao. Katika kimya cha gari lile, wao hawamo. Kama vile Guyane ilivyochukua nafasi ya Kolwezi, msitu wa publisite umechukua nafasi ya mashimo yetu.

Neno kwa ndugu zangu wanaotafuta pembe tatu na jicho la shetani kwenye chupa na kwenye klipu za muziki. Ninawaheshimu, kwani angalau wanajua kwamba picha haiko bure. Lakini wanatafuta ujumbe kama mtu anayetafuta sarafu chini ya meza wakati mwizi anatoka na meza. Publisite ya bia haina lazima ya alama ya siri. Inatosha ionyeshe kwamba mwanaume wa kweli ni yule aliye na chupa mbele na wanawake kando. Hilo liko wazi juani, na linafanya kazi kila siku ya mshahara.

Tufanye nini basi? Kukataza hakufai, kile unachokataza sebuleni mtoto atakiona kwenye telefone ya jirani. Mimi ninaomba maulizo matano tu, darasani na nyumbani: Nani ana jina, na nani hana? Nani anasema, na nani anasemewa? Nani anapewa kosa? Nani amelipa ili picha hii ipatikane? Na mwisho: kama bibi ndiye angesimulia, angeanzia wapi? Ulizo la tano njo la maana kuliko yote, sababu linamlazimisha mtoto kwenda kwa bibi na kuuliza.

Walimu wenzangu, tunatumia saa nyingi kuchambua wahusika wa vitabu vya Ufaransa vya miaka mia tatu iliyopita, na ni vizuri. Tutoe saa moja kwa mwezi kwa picha wanazozila kila usiku. Wazazi, msitoke sebuleni filimu inapoanza, kaeni, na inapoisha ulizeni kama zamani: «Mumesikia nini?» Na chama chetu, kinachokusanya hadisi na nyimbo, kikusanye pia ushuhuda wa mwaka 1978 kwa wazee wa Manika waliobaki. Mama yangu amezeeka. Akienda pashipo kuandikwa, watoto wa watoto wangu watakaotaka kujua Kolwezi ya mwaka ule watabaki na filimu ile moja, na miti yake ya Guyane.