Wacheni Kusingizia Mvua, Shida Ni Huo Waya

Setilaiti tunayotumia kwetu iko juu ya Ikweta, nyuzi 36 mashariki. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8, kwa hivyo hiyo kitu iko karibu utosini mwetu. Mawimbi yanashuka kama kilomita 36,000 bila kulalamika, yanagonga dishi juu ya ploti yetu hapa Zimmerman, halafu yanakufa kwa mita 45 za mwisho, kati ya paa na TV ya mathe. Na bado kuna mtu ataniambia ni mvua.

Mathe anashona nguo kwa nyumba. TV ndiyo humpa kampani kutoka asubuhi, na kifurushi analipa mwenyewe kila mwezi, kabla hata ya tokeni za stima. Tangu tuhamie hapa, nusu ya chaneli zinashika na nusu hazishiki. Wingu likitanda tu, zote kwaheri. Fundi alikuja mara tatu, thao moja kila safari. Anazungusha dishi kidogo, anashuka, anasema, "Mama, hiyo ni hali ya hewa, itatulia." Mathe anamwambia asante kijana wangu, na anamtengenezea chai!

Mara ya nne nilipanda mwenyewe (baada ya kumpea keateka kitu kidogo ndio afungue mlango wa paa, lakini hiyo ni stori ya siku ingine). Waya wetu ulikuwa umeungwa mara tatu kwa tepu nyeusi. Kiungo kimoja kilikuwa kimelala kwa maji chini ya tangi. Nikakwangua ngozi ya waya, nikaweka sumaku ya spika kuukuu kwa ule uzi wa katikati. Ikashika. Wasee, shaba haishikwi na sumaku. Tuliuziwa chuma kilichovishwa shaba juu juu.

Na hapa ndipo mafundi wengi hawatuambii ukweli. Huo waya una kazi mbili. Unashusha mawimbi, na wakati huo huo dikoda inapandisha umeme kwa LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Volti 13 ni kama kuiambia "nipe mawimbi ya wima", volti 18 ni "nipe ya mlalo". Mawimbi yenyewe hupita kwa ngozi ya nje ya uzi, kwa hivyo chuma hakiyasumbui sana. Umeme ndio unaumia. Waya ukiwa mwembamba, mrefu, wa chuma, na viungo vimeoza, ile 18 inafika juu ikiwa imechoka kabisa. LNB inadhani imeitishwa 13, na chaneli zote za mlalo zinapotea. Hiyo ndiyo nusu tuliyokuwa tunakosa hata kwa jua kali.

Sikatai kwamba mvua kubwa hupunguza mawimbi. Lakini waya wa kawaida wa RG6, kwa masafa ya juu, hula karibu nusu ya nguvu kila mita 10. LNB huwa imeshakuza mawimbi vya kutosha, ndiyo maana waya mzuri usio na kiungo unaweza kufika mita 40 na kitu na picha bado iko. Wetu ulikuwa umemaliza akiba yote kabla tone la kwanza lianguke. Na kama ni lazima uweke busta, weka huko juu karibu na dishi. Ukiiweka nyuma ya TV inakuza uchafu pamoja na picha.

Waya wa shaba tupu ulikuwa bob 25 zaidi kwa mita. Mara 45, hiyo ni 1,125. Fundi alikuwa ameshakula 3,000. Hapo lawama ni yetu pia, tunapenda sana kuambiwa "hii ni ya bei poa".

Lakini mwenye ploti ndiye ananichoma zaidi. Amejenga ghorofa sita, akaweka kamera kila ngazi za kutuangalia tukirudi usiku, na hakupitisha hata paipu moja tupu kutoka paa hadi chini. Halafu amekataza dishi kwa balkoni, eti zinaharibu sura ya jengo. Sasa kila nyumba ina dishi yake juu na waya wake unaning'inia ukutani ukipigwa na jua. Hiyo ndiyo sura nzuri? Sisi wa ghorofa ya kwanza tunanunua waya mrefu kuliko wote, na rent ni ile ile. Hoteli huweka dishi moja na maltiswichi inagawia kila chumba. Si uchawi.

Kuna msee atasema dishi ni mambo ya wazee, kila mtu ako na waifai. Sawa. Njoo umlipie mathe waifai. Na ukija, angalia vile huo waya wako wa waifai pia umepitia dirishani, juu ya kamba ya nguo.

Nilibadilisha waya wetu Jumamosi, kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Chaneli za mlalo zimerudi. Nyumba kumi na moja tumesaini barua ya kuitisha paipu, na iko kwa keateka tangu jana. Rent ni tarehe 5. Tunataka jibu kabla ya hiyo siku, na si kwa mdomo.