UFUNDI KIJIJINI: Gari Linalogongagonga



Gari zima lina sauti yake. Injini inanguruma. Matairi yanavuma. Upepo unapita dirishani. Sauti hizo mtu huzizoea. Lakini siku moja inatokea sauti nyingine. Kwa-kwa-kwa-kwa! Ukipunguza mwendo inakoma. Ukiongeza mwendo inarudi. Abiria wanatazamana. Dereva anaongeza sauti ya redio.

Kuongeza redio si ufundi. Mwezi huu tutaeleza namna ya kuutafuta mlio huo mpaka upatikane, na namna ya kuunyamazisha.

Labda utasema, "Mimi sina gari, habari hii ni ya wenye magari." Sivyo. Unapanda gari kwenda mnadani. Alizeti yako na vitunguu vyako hupakiwa katika gari la mtu mwingine. Mara nyingi dereva hausikii mlio, kwa sababu yuko mbele na injini inamzibia masikio. Wewe uliyeketi nyuma juu ya magunia ndiye unayeusikia. Basi ni vizuri ujue kama mlio huo ni wa kopo tupu, au ni wa gurudumu linalotaka kung'oka.

KWA NINI VITU HULEGEA

Mkoa wetu wa Singida una barabara kuu za lami. Unaweza kwenda Dodoma, Babati au Nzega juu ya lami. Lakini ukiiacha barabara kuu na kuingia vijijini, njia nyingi ni za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi njia hizo hufanya mawimbi madogo madogo, kama migongo ya bati la nyumba. Kila mtu anayajua. Yanatikisa mpaka meno.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mawimbi hayo yameachana nusu mita. Gari linakwenda kilometa 36 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na mita 10 kila sekunde. Basi kila gurudumu linapigwa mara 20 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni mara 72,000. Hakuna fundi anayeweza kupiga nyundo mara 72,000 kwa saa. Ndiyo maana nati iliyokazwa Jumatatu inaweza kuwa imelegea Ijumaa.

Katika mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alieleza jambo hili vizuri. Alitumia mashine ya kutikisa vyuma vilivyofungwa kwa bolti. Akaonyesha kwamba kinacholegeza nati zaidi ni vyuma kuteleza pembeni, huku na huku, hata kama ni kidogo sana. Vikianza kuteleza, nati hujizungusha yenyewe na kufunguka, kama vile kuna mkono unaoizungusha. Bolti iliyokazwa barabara huvutika kidogo, kama mpira, nayo huvibana vyuma visiteleze. Kinachoshika ni mkazo huo. Ile washa iliyokatwa na kupinda, ambayo mafundi wengi huitegemea, haisaidii sana kama inavyodhaniwa. Nati yenye plastiki ndani yake ni afadhali. Lakini ukiifungua, usiirudishe. Weka mpya.

Kuna jambo jingine. Kwa nini mlio hutokea katika mwendo fulani tu? Fikiri juu ya mama anayebeba ndoo ya maji kichwani. Akitembea polepole, maji yanatulia. Akikimbia, pengine pia yanatulia. Lakini kuna mwendo mmoja ambao hatua zake zinalingana na mchezo wa maji, nayo yanamwagika. Ndiyo maana akina mama huweka majani au kitawi juu ya maji. Bati lililolegea katika gari ni hivyo hivyo. Lina mtikisiko wake. Injini au barabara ikiupata mtikisiko huo, bati hulia. Ukipita mwendo huo, linanyamaza. Halijapona. Limenyamaza tu.

ANZA KWA KUULIZA

Fundi mbaya hushika spana kwanza. Fundi mzuri huuliza kwanza.

Je, gari linalia likiwa limesimama, injini ikinguruma? Kama ndiyo, usihangaike na magurudumu. Tafuta kwenye injini na kwenye bomba la moshi. Je, linalia likipita mashimoni tu? Tafuta chini, kwenye springi, shokapu na viungo vya magurudumu, au tafuta mizigo iliyolegea. Je, linalia ukikata kona? Je, mlio unaongezeka kadiri magurudumu yanavyozunguka upesi, hata kwenye lami laini? Hiyo ni dalili mbaya, nayo tutaieleza.

Jaribu pia breki. Gari likiwa linalia katika njia mbaya, kanyaga breki kidogo tu. Kama mlio unakoma papo hapo, basi huenda ni vibao vya breki vinavyochezacheza mahali pake.

Andika majibu katika daftari. Usicheke. Mlio ni kama homa ya vipindi. Ukifika kwa fundi unakoma, naye anakutazama kama mtu anayeota mchana. Ukimsomea, "Unalia kilometa 40 kwa saa, nyuma, upande wa kushoto, gari likiwa tupu," atajua pa kuanzia. Nawe hutauziwa vyuma ambavyo havihitajiki.

TOA KILA KITU

Sasa toa kila kitu kisicho sehemu ya gari. Toa jeki, spana, chupa za soda, madumu, mnyororo, jembe. Angalia chini ya viti na chini ya mikeka. Fungua kila kisanduku. Tikisa milango. Ndani ya mlango mna uwazi, na mara nyingine nati au kijiwe huangukia humo na kuzungukazunguka. Tazama kifungo cha mkanda wa kiti. Kikiachwa kining'inie hugonga ukuta wa gari kama mtu anayepiga hodi.

Chukua mfano wa pikapu inayobeba alizeti. Ikijaa magunia haisemi neno. Ikirudi tupu inapiga kelele nyuma njia nzima. Mwenye gari anaambiwa anunue shokapu mbili. Kabla ya kutoa fedha hizo, ainame na kutazama tairi la akiba. Katika pikapu nyingi tairi hilo huning'inizwa chini ya bodi kwa mnyororo. Mnyororo ukilegea, tairi hupiga bodi kila shimo. Likikazwa, pengine kelele zote zinakwisha bila gharama. Aangalie pia mlango wa nyuma wa bodi na vitasa vyake. Kipande cha tyubu kuukuu, kikifungwa vizuri mahali pale chuma kinapogonga chuma, hufanya kazi vizuri sana.

Chini ya boneti, shika batri na ulitikise. Batri linalocheza si kelele tu. Linaweza kuruka na kugusa chuma, cheche zikatoka, gari likaungua. Lifunge kwa kishikio chake.

BOMBA LA MOSHI

Mlio mwingi wa gari lililosimama hutoka hapa. Zima injini. Ngoja mpaka bomba lipoe kabisa, maana linaunguza vibaya. Kisha lipige taratibu kwa ngumi, kuanzia mbele kwenda nyuma. Sikiliza. Mahali palipolegea patajibu.

Magari mengi ya siku hizi yana bati jembamba juu ya bomba, la kuzuia joto lisipande ndani ya gari. Bolti zake zikila kutu, bati hutetemeka: chrrrr! Usiling'oe na kulitupa. Bila bati hilo majani makavu au zulia la gari linaweza kupata joto na kushika moto. Lifunge kwa klipu ya chuma, ile inayobana mpira wa maji ya rejeta. Ni kazi ya dakika chache na fedha kidogo.

Bomba lenyewe hushikwa na mipira iliyoning'inia. Mpira ukikatika, bomba hupigapiga chini ya gari. Njiani unaweza kulifunga kwa waya. Usifunge kwa kamba ya katani wala kwa tyubu, kwa kuwa zitaungua. Kama bomba limetoboka, lizibwe upesi. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya gari, abiria husinzia, na wengine wasiamke.

MLIO USIOCHEZEWA

Mpaka hapa tumeeleza kelele za kuudhi. Sasa tueleze kelele za kuua.

Mlio ukitoka kwenye gurudumu, na ukiongezeka pamoja na mwendo, simama. Usiseme, "Tufike kwanza." Nati za gurudumu zikilegea, tundu za rimu hupanuka, bolti hukatika moja baada ya nyingine, na gurudumu hutoka. Fikiri likitoka gari likiwa linateremka mlima Sekenke kule Iramba, limejaa watu. Abiria, usione haya kumwambia dereva, "Ndugu dereva, gurudumu la nyuma linagonga, tafadhali simama tulitazame." Akikasirika, na akasirike.

Kabla ya kufunga gurudumu, safisha matope na kutu mahali linapokaa. Usipake grisi kwenye nati. Usikaze nati kwa kuzunguka moja baada ya jirani yake. Kaza moja, kisha ya upande wa pili, mpaka zote. Maliza kuzikaza kabisa gurudumu likiwa limegusa ardhi. Ukishakwenda kati ya kilometa 50 na 100, simama uzikaze tena. Rimu yenye tundu zilizopanuka haitengenezeki. Itupe.

Viungo vya mbele navyo hupimwa. Inua gurudumu la mbele kwa jeki. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi au boljointi imekwisha. Kisha lishike kulia na kushoto. Likicheza hivyo, tazama tairodi, vile vyuma vinavyotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu. Hapa hakuna tiba ya tyubu wala waya. Kiungo kilichokwisha hubadilishwa. Gari lisibebe abiria mpaka libadilishwe.

Neno moja juu ya jeki. Jeki ni ya kuinua gari, si ya kulishikilia. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Weka jiwe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini. Chini ya fremu weka magogo mapana yenye nguvu. Usitumie tofali, maana hupasuka. Tairi la akiba nalo lilaze chini ya ubavu wa gari.

Na kama mlio ni wa kugonga ndani ya injini yenyewe, kama nyundo juu ya fuawe, zima injini mara moja. Ngoja kidogo, kisha pima oili. Kuendesha injini isiyo na oili kwa kilometa chache kunaweza kuiua kabisa.

KUSIKILIZA KWA UFITO

Pengine umetazama kila mahali na bado mlio umejificha. Daktari ana chombo cha kusikilizia kifua. Wewe chukua ufito mkavu, mrefu kama mkono. Ncha moja weka kwenye chuma unachokishuku, nyingine iweke karibu kabisa na sikio. Sauti hupita vizuri katika mti mkavu. Hamisha ufito mahali mpaka mahali. Pale mlio unapokuwa mkubwa ndipo penyewe. Lakini injini ikiwa inazunguka, funga nguo vizuri, ondoa kanga na skafu, na uweke ufito mbali na feni na mkanda.

Kwa mlio wa njiani, watu wawili wanahitajika. Mmoja anaendesha, mwingine anasikiliza akiwa ndani. Anasukuma kwa mkono sehemu moja baada ya nyingine: dashibodi, mlango, kioo, dari. Akibonyeza mahali na mlio ukakoma, amekamata. Kitambaa cha kanga kuukuu kikikunjwa na kuingizwa kati ya plastiki mbili kinatosha. Msikilizaji asining'inie nje ya mlango wala asisimame nyuma ya pikapu. Kelele ya plastiki haifai kuvunjiwa shingo.

Ukishatengeneza, lijaribu gari katika njia ile ile, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Ukilijaribu kwenye lami wakati lilikuwa likilia kwenye changarawe, hujajaribu kitu.

Kisha tafuta rangi kidogo, nyeupe au nyekundu. Kwa kila nati ya chini uliyoikaza, chora mstari mmoja unaopita juu ya nati mpaka kwenye chuma kilicho kando yake. Kila asubuhi, kabla ya safari, inama utazame. Mstari ukiwa bado umenyooka, nati iko palepale. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka, nawe umeijua kabla haijaanza kulia.