KISU CHA RAHISI NA KIDOLE CHA MFANYA KAZI



Wako watu wanaotucheka sisi wa relini tukaao Lucky Summer. Wanasema mfanya kazi hajui kitu kizuri, hununua kisu cha kukunja cha bei ya chini kabisa, kisha hulia kikivunjika. Maneno haya hatuyakubali. Mtu hununua kwa kadiri ya fedha aliyo nayo jioni ile, wala si kwa kadiri ya akili yake.

Lakini kisu chenyewe na tukitazame. Vile vinavyotandazwa juu ya turubai upande wa Kariobangi vinang'aa sana, na vingine vimechorwa alama za askari. Fungua kimoja. Kinachozuia ubapa usijikunje ni kibati chembamba tu. Kibati kikiwa laini hupinda, na msumari unaoshika ubapa ukilegea, ubapa hucheza kama jino bovu. Siku unapokata kamba ngumu, ubapa hurudi juu ya vidole. Tena chuma kisichochomwa na kuzimwa sawasawa hupoteza makali kabla ya saa sita, na kisu butu hutaka nguvu. Hapo ndipo damu hutoka.

Je, cha ghali ndicho bora? Si kila mara! Victorinox, kile chekundu cha Uswisi wanachokipenda mabwana wa ofisini, aina zake nyingi hazina kizuizi ila springi. Chafaa chungwa na karatasi. Opinel ya Ufaransa ina mpini wa mti, haina madaha, nayo tangu 1955 ina pete ya chuma unayoizungusha ili ubapa usirudi. Hiyo pete ndiyo mali. Fedha inayozidi hapo hulipia jina na urembo wa mpini.

Tuseme kisu cha rahisi ni shilingi 300, nacho chadumu miezi mitatu. Kwa mwaka umetoa 1,200, na kidole hatujakihesabu.

Sasa twauliza: kwa nini kisu cha kazi kinunuliwe kwa mshahara wa mfanya kazi? Ndugu mmoja wa mtaa wetu alikatwa kidole akifungua mizigo katika kiwanda fulani. Akaambiwa kisu ni chako, basi na jeraha ni lako. Uongo mtupu! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwenye kazi ahakikishe vyombo na taratibu za kazi ni salama. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka uleule, hutazama kama ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Nani alikwenda dukani, hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo kila mwanachama anayetumia kisu chake mwenyewe kazini aandike jina lake, na kazi anayoifanya nacho, ampe mwakilishi wake. Karatasi hizo zitafika kwa mwenye kazi pamoja na dai letu: kisu chenye kizuizi cha kweli, na jiwe la kunolea, bila kukatwa mshahara hata senti. Na aliyekwisha kujeruhiwa asitie sahihi karatasi yo yote kabla ya kuileta kwa Chama.